Kupanga ruti za daladala kwa algorithimu, kuanzia daftari la kituoni mpaka kugawa magari

Mtu akisikia kompyuta inaweza kupanga ruti za mabasi ya mjini kwa algorithimu, yaani hatua za hesabu inazofuata moja baada ya nyingine, cha kwanza anaingia intaneti kutafuta kodi (maandishi ya programu, sio ya TRA), anakutana na ule mfano maarufu wa muuzaji anayetaka kupita miji yote kwa njia fupi kuliko zote, anaubeba kama ulivyo, anaweka vituo vya daladala, anabonyeza, na inatoka ruti moja ndefuu inayogusa kila kituo mara moja. Kwenye ramani inapendeza kweli. Barabarani hakuna atakayeipanda, maana mtu wa Goba anayetaka kufika Mbezi hawezi kukubali azungushwe Tegeta na Mwenge kwanza.

Kwaiyo tuelewane mapema. Gari la shule au gari la wafanyakazi ni hesabu ya aina moja: unajua kila mtoto anakaa wapi, unajua wote wanaenda sehemu moja, hapo chukua OR-Tools ya Google, programu ya kupanga safari za magari, ni ya bure, itakufanyia kazi vizuri tu. Daladala ni hesabu nyingine kabisa, abiria humjui, anakuja muda anaotaka, anachagua mwenyewe apande lipi, na anaweza kubadilisha gari njiani. Huu mwongozo ni wa hiyo ya pili.

Mfano wangu ni Dar, upande wa Mbezi, Goba, Kinyerezi na Kimara, kwa sababu pale kila tatizo lipo. Mwendokasi (mabasi yenye njia yake peke yake) umeanza kazi 2016 kutoka Kimara kwenda Kivukoni, na matawi ya Kariakoo na Morocco, lakini watu wengi wanakaa mbali na barabara ya Morogoro, inabidi waletwe na daladala, bajaji au boda. Namba za abiria, nauli na hesabu nitakazotumia ni za kufundishia, weka zako. We uliyeko Nairobi una afadhali, kule mradi wa Digital Matatus (Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na MIT na Columbia) ulianza 2012 kurekodi ruti za matatu kwa simu, wakatoa data bure 2014, na mwaka uliofuata zikaingia Google Maps. Kwetu utaanza na miguu yako.

Hatua ya 1: Kata swali vipande

Usiiambie kompyuta "nipangie usafiri wa Dar". Jiji lina zaidi ya watu milioni 5 kwa sensa ya 2022, utakaa na leptop mpaka ife. Chukua eneo lenye vituo 15 mpaka 40, na tenganisha maswali matatu: ruti zipite wapi, kila ruti gari zipishane kwa dakika ngapi, na gari zipi ziende ruti ipi. Ukiyachanganya yote siku ya kwanza hutajua kosa liko wapi majibu yakiwa ya ajabu, na yatakuwa ya ajabu.

Hatua ya 2: Ramani, afu muda wa kweli

Ramani ya barabara ichukue OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni. Dar imechorwa vizuri kuliko miji mingi ya ukanda huu, kazi ya mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015 ilisaidia sana mpaka vichochoro vikaingia. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, kuna osmnx ya kushusha barabara na networkx ya kuzigeuza grafu, yaani kituo kinakuwa nukta na kipande cha barabara kati ya vituo kinakuwa mstari wenye dakika zake.

Hizo dakika ndo shida. Programu ikijikadiria yenyewe inachukulia barabara iko wazi, inakwambia Mbezi Kimara ni kufumba na kufumbua, wakati saa 1 asubuhi unaijua mwenyewe ile foleni. Panda gari na simu inayorekodi njia, OsmAnd inatosha, rekodi asubuhi kati ya saa 12 na saa 3, mchana, na jioni, na rudia siku tofauti tofauti ikiwemo siku ya mvua. Kisha kwa kila kipande chukua muda wa katikati, usichukue wastani, maana siku moja lori likilala barabarani wastani wote unaharibika. Weka majedwali matatu ya muda, la asubuhi, la mchana na la jioni. Usiyaunganishe.

Hatua ya 3: Abiria

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako nyingi, na ndipo wengi wanaporuka. Unachohitaji ni jedwali la kutoka na kwenda: mistari ni vituo watu wanapoanzia, safu ni wanakoenda, kila chumba kina idadi ya watu kwa saa.

Kuhesabu wanaopanda na kushuka ni rahisi, weka vijana wenye madaftari kituoni, kila gari likisimama waandike muda, ubavuni limeandikwa ruti gani, wamepanda wangapi, wameshuka wangapi, na wamebaki wangapi kituoni. Hiyo ya waliobaki usiisahau, maana gari likija limejaa watu kumi wakaachwa, daftari lisilo na hiyo safu litasema pale hakuna abiria.

Wanafunzi waandike peke yao, utaona sababu huko mbele.

Afu uliza watu. Na namna ya kuuliza ina maana yake. Ukimuuliza mtu "unashukia wapi?" anakwambia Mbezi Mwisho, unaandika Mbezi, basi data yako inajifunza kwamba watu wote wanaipenda Mbezi. Muuliza "safari yako leo inaishia wapi?" hapo anakwambia anaenda Segerea, anabadilisha Mbezi kwa sababu hakuna gari la moja kwa moja. Hao ndo abiria uliokuwa huwaoni, na ruti mpya inazaliwa kwao. Ukikusanya data kwa swali la kwanza, algorithimu itakurudishia ruti zile zile zilizopo, itaziita bora kabisa.

Huwezi kumuuliza kila mtu, kwaiyo jedwali litakuwa na sampuli ndogo na jumla kubwa. Kuyalinganisha fanya hivi: zidisha kila mstari mpaka jumla yake ilingane na waliopanda kituo hicho, kisha zidisha kila safu mpaka jumla ilingane na walioshuka, mistari itakuwa imeharibika kidogo, irudie, safu tena, mistari tena, mpaka namba zitulie. Kwenye Python ni loopu fupi tu, hata Excel inaweza.

Hatua ya 4: Iambie kompyuta "nzuri" ni nini

Algorithimu inapunguza namba moja, basi. Namba hiyo unaitunga wewe. Ukiiambia ipunguze kilomita itafuta ruti za pembeni zote, watu wa ndani watembee. Ukiiambia ipunguze dakika za abiria peke yake itataka gari kila dakika kila kona, magari elfu.

Mimi naanza na dakika za abiria zenye uzito. Dakika ya kukaa ndani ya gari ni 1. Dakika ya kusubiri kituoni wapangaji wengi wanaihesabu kama 2, na yeyote aliyesimama juani anajua wamemhurumia. Kubadilisha gari kuna adhabu yake juu ya kusubiri, weka dakika 5 mpaka 10. Sasa angalia mfano wa mtu mmoja mwenye njia mbili.

Njia ya kwanza ni gari la moja kwa moja, linapita kila dakika 20, safari dakika 35. Kwa wastani anasubiri 10, mara 2 ni 20, jumla 55. Njia ya pili ni magari mawili, kila moja linapita kila dakika 4, anasubiri 2 na 2, ukizidisha kwa 2 inakuwa 8, safari dakika 30, adhabu ya kubadilisha 7, jumla 45. Kompyuta inasema wape watu njia ya pili, futa gari la moja kwa moja. Vitabu vingi vya kizungu vitakuunga mkono kabisa.

Lakini ivi, nauli ya pili analipa nani? Kwenye daladala ukishuka umeshuka, tiketi ya kuunganisha hakuna. Tuseme nauli ni 600 na huyu mtu saa yake moja ina thamani ya 2,400, basi hiyo 600 ni sawa na dakika 15 za maisha yake. Njia ya pili inapanda mpaka 60, gari la moja kwa moja linashinda. Mstari mmoja wa kodi umegeuza mtandao mzima. Kwaiyo nauli lazma iingie kwenye fomula, na ukisoma mwongozo wa mji wenye kadi moja ya mabasi yote, kumbuka wao hii kitu hawana.

Upande wa pili wa fomula weka gharama za magari, idadi yake mara gharama ya gari kwa saa, na masharti magumu: ruti isizidi dakika fulani, gari lisipite barabara isiyopitika na Costa wakati wa mvua, kila kituo kiwe na angalau ruti moja.

Hatua ya 5: Iache itafute

Kwa nini usijaribu ruti zote tu uchague? Kwa sababu vituo 15 peke yake unaweza kuvipanga kwa mifuatano zaidi ya trilioni 1.3, na hiyo ni ruti moja, bado hujachanganya ruti sita. Hapa tunatumia njia zinazotafuta kwa ujanja, hazikuahidi jibu bora kuliko yote ila zinakupa zuri kwa muda wa chai.

Ninayoipenda ni anilingi (kwa Kiingereza simulated annealing), waliitangaza Kirkpatrick na wenzake 1983, jina limetoka kwa mafundi chuma wanaopasha chuma kisha wanakipooza taratibu. Inakwenda hivi. Anza na ruti zilizopo leo, usianze na za kubahatisha, zilizopo zimechujwa na madereva miaka mingi. Kila raundi fanya badiliko dogo moja: ongeza kituo, toa kituo, kata ruti katikati, unganisha mbili, au badilishana mikia, nusu ya ruti hii ishike nusu ya ile. Piga fomula yako upya. Namba ikishuka, kubali. Ikipanda, usikatae moja kwa moja, ikubali kwa bahati nasibu, na nafasi ya kukubali ni e kwa kipeo cha hasi ya ongezeko gawanya kwa joto, na joto hapa ni namba tu unayoianza kubwa. Mfano badiliko limeongeza ubaya kwa 40. Joto likiwa 100, nafasi ya kulikubali ni kama asilimia 67. Joto likishuka mpaka 10, inabaki chini kidogo ya asilimia 2. Yaani mwanzoni kompyuta inaruhusiwa kufanya ujinga ili itoke kwenye mashimo, mwishoni inakuwa makini. Shusha joto kidogo kidogo, kila raundi zidisha kwa 0.999 hivi.

Algorithimu ya kijenetiki nayo ipo, unafuga mitandao mingi kwa pamoja unaizalisha, maktaba ya DEAP itakusaidia. Ni nzuri ila ina vitasa vingi vya kurekebisha, kwa anayeanza nasema anza na anilingi.

Sehemu nzito ni ya kugawa abiria. Kila badiliko lazma ujue kila mtu sasa atapita njia gani, unaendesha Dijkstra (algorithimu ya kutafuta njia yenye gharama ndogo) kwenye grafu yenye mistari ya kupanda, kusubiri na kubadilisha. Hifadhi majibu ya ruti ambazo hazijaguswa usihesabu upya, la sivyo kazi ya saa moja itakuwa ya usiku kucha.

Kabla hujaigusa Dar, jaribu kodi yako kwenye mtandao wa Mandl, ni mji wa mfano wa Uswisi wenye nukta 15, mistari 21 na safari 15,570, watafiti wanautumia tangu miaka ya 1980 kwaiyo majibu yao yapo wazi kulinganisha. Kodi yako ikiwa mbali sana na wao, tafuta kosa.

Hatua ya 6: Magari mangapi kila ruti

Muda wa mzunguko ni kwenda, kurudi, na kugeuza pande zote mbili. Mzunguko wa dakika 120 ukitaka gari kila dakika 10, unahitaji magari 12. Hiyo rahisi.

Ngumu ni kugawa magari yakiwa machache. Tuseme una magari 20 ya viti 30. Ruti A ni ya barabara kubwa, abiria 450 kwa saa, Ruti B ni ya ndani, abiria 50 kwa saa, zote mzunguko wa dakika 60. Akili ya haraka inasema gawa kwa wingi wa watu, A ipate 18, B ipate 2. Hesabu kusubiri: A gari kila dakika 3 na sekunde 20, mtu anasubiri nusu yake, watu 450 jumla ni dakika 750. B gari kila dakika 30, wanasubiri 15, watu 50 jumla ni 750 pia. Zote 1,500.

Sasa gawa kwa kipeuo cha pili cha abiria, kanuni iliyopewa umaarufu na Herbert Mohring 1972. Kipeuo cha 450 ni mara tatu ya kipeuo cha 50, kwaiyo 15 kwa 5. A gari kila dakika 4, kusubiri 2, jumla 900. B kila dakika 12, kusubiri 6, jumla 300. Zote 1,200. Umeokoa dakika 300 kila saa bila kununua gari hata moja. Watu wa A wamepoteza sekunde 20 kila mmoja, hawatajua hata, wa B wamepata dakika 9. Hakikisha tu viti vinatosha, A sasa ni magari 15 kwa watu 30 kila gari, iko kiti kwa kiti.

Hatua ya 7: Ingiza hesabu ya bosi

Hapa ndo mipango mingi mizuri inakufa, tuangalie kwa nini. Dereva analipa hesabu kwa mwenye gari kila siku. Tuseme hesabu 80,000, mafuta 65,000, dereva na konda wabaki na 35,000, jumla 180,000. Kwa nauli ya 600 hao ni vichwa 300 vya watu wazima, na gari likipiga tripu 12 inatakiwa vichwa 25 kila tripu. (Mwanafunzi akilipa 200 wanatakiwa watatu kufikia mtu mzima mmoja, ndo maana nikasema waandikwe peke yao, na ndo maana konda anawafungia mlango.)

Rudi kwenye mgao wetu mzuri wa 15 kwa 5. Ruti A kila gari linabeba 30 kwa tripu, dereva anacheka. Ruti B linabeba 10, dereva wa B ikifika saa 4 amekata ruti, amehamia A bila kumuaga mtu. Magari yatahama B mpaka yabaki 2, hapo kila gari linapata 25, na A nayo zikiwa 18 kila moja linapata 25. Umeona? Ni ule mgao wa kwanza wenye gari kila nusu saa kwenye B, hesabu imeurudisha yenyewe bila kompyuta. Sio ukorofi wa madereva, ni hisabati yao nao.

Dawa ipo humo humo kwenye namba. Abiria wote ni 500, magari 20, wastani bado 25, hela inatosha ila imekaa upande mmoja. Kwaiyo panga zamu: kila gari lipige A siku 3 na B siku 1. Siku tatu za 30 na moja ya 10, jumla 100, gawa kwa 4 unapata 25, kila mtu anafikisha. Namna nyingine ni mapato yote kuingia mfuko mmoja wa ushirika na kugawana, ila mpaka watu waaminiane na fedha za mfukoni mwa konda, mh, zamu ni rahisi zaidi. Au B ipewe vipanya vyenye mafuta kidogo na hesabu ndogo. Chochote utakachochagua kiandike kwenye kodi kama sharti: ruti ambayo gari lake halifikishi vichwa vinavyotakiwa ipigwe adhabu kubwa, isipokuwa iwe kwenye zamu.

Hatua ya 8: Toka nayo nje

Usianze kwa kubadilisha kila kitu. Boston mwaka 2017 watafiti wa MIT walipanga ruti za magari ya shule, wakapunguza magari kama 50 na kuokoa takriban dola milioni 5, safi kabisa. Afu mpango wa kubadilisha muda wa kuanza masomo uliotokana na algorithimu ya watafiti hao hao ukawekwa mezani, wazazi wakawaka, ukaondolewa Desemba mwaka huo huo. Hesabu haikuwa na kosa. Ila watu walikuwa wamepanga maisha yao kwa saa za zamani.

Kwaiyo chagua ruti moja mpya, ongea na chama cha madereva na wenye magari kabla ya kuongea na mtu mwingine, waonyeshe jedwali la vichwa kwa tripu, usiwaonyeshe grafu ya joto la anilingi. Leseni ya ruti inatolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ombi likienda na hesabu za abiria na muda uliopimwa lina uzito kuliko ombi la maneno matupu. Data zako zihifadhi kwa mfumo wa GTFS, muundo wa kuandika data za usafiri wa umma, ni mafaili ya maandishi ya kawaida tu, vituo faili lake, ruti lake, tripu lake, na daladala kwa kuwa hazina ratiba tumia faili la frequencies.txt kuandika gari kila baada ya dakika ngapi.

Ruti ikianza, kitu cha kupima ni nafasi kati ya gari na gari. Ukiona magari 3 kwa nusu saa usifurahie bado. Magari yakipishana dakika 10 na 10, abiria anasubiri 5 kwa wastani. Yakipishana 2 kisha 18, idadi ni ile ile ila wastani unapanda mpaka dakika 8.2, kwa sababu watu wengi zaidi wanafika ndani ya lile pengo refu. Na kwetu hilo ni kawaida maana gari linakaa kituoni mpaka lijae. Kwaiyo muweke kijana mmoja Mbezi Mwisho na daftari kuanzia saa 11 alfajiri, aandike muda kila gari la ruti hiyo linapoondoka, kila mapengo yakizidi mara mbili ya ulichopanga mpigie kiongozi wa kituo aachie gari linalofuata hata kama lina viti vitupu, na namba za daftari hilo zirudishe kwenye kodi wiki inayofuata badala ya zile ulizokadiria.